Mwalimu Gosbert Rwegoshora na Njia ya Isingiro

Ndugu wafiwa, mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani wa Kanoni, nanyi mliotoka Ndama, Isingiro, Bukoba na Muleba: poleni kwa msiba, na poleni kwa safari. Haya ni maisha ya Mwalimu Gosbert Rwegoshora, yameandikwa na wanawe na yanasomwa na binti yake mkubwa, Evangelina. Wazee wengine wameguna tangu asubuhi kwamba mwanamke hasomi kaburini. Mtatuvumilia, wazee wetu, marehemu ndiye aliyeagiza. Aliagiza pia yaandikwe kwa Kiswahili, ili wageni wa boma na wa madukani wasikae hapa wakitutazama midomo. Agizo lake la tatu lilikuwa gumu kuliko hayo mawili. "Msinipake asali," alisema. "Semeni na lile la kahawa." Basi tutalisema.

Marehemu alizaliwa Ndama, hapa Karagwe, mtoto wa pili wa mzee Katabarwa na mama Koburungo. Tarehe hakuna aliyeiandika. Mama yake alishikilia kwamba ulikuwa msimu wa senene, mwaka ambao zilianguka nyingi hata watu wakachoka kuzila, na wazee wakihesabu kwa vidole wanafika mwaka 1908. Huo ndio mwaka tulioandika msalabani, na mwenye mwingine atuambie baadaye, si sasa. Alikua akichunga ng'ombe wa baba yake pamoja na mtoto wa jirani aitwaye Ndyamukama. Wawili hao walikuwa na shuka moja la kwendea penye watu. Mmoja akilivaa kwenda gulioni, mwenzake hubaki kichakani amejifunga ngozi ya mbuzi, akisubiri zamu yake na kusimuliwa yaliyotokea. Marehemu alikuwa akisema kwamba habari nyingi za ujana wake hakuziona kwa macho, alizisikia kwa Ndyamukama.

Mwaka 1926 baba yake Ndyamukama alihamisha ng'ombe na watu wake kwenda Isingiro, upande wa Kyerwa, kutafuta malisho. Vijana wale hawakutaka kuachana. Kijana wa kiume halii hadharani, kwa hiyo walifanya walichofanya watu wa zamani wakipendana. Kwa wageni wasiojua, tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolala kifua kwa kifua. Kila mmoja alichanjwa kidogo karibu na kitovu, akaipaka punje damu yake, na kila mmoja akameza punje ya mwenzake. Huo ndio omukago. Toka hapo si marafiki tena, ni ndugu. Wanaitana munywani, mtoto wa huyu ni mtoto wa yule, na wazee walisema kwamba atakayemgeuka mwenzake atavimba tumbo mpaka limwue.

Mwaka 1928 marehemu aliingia shule. Msifikiri ilikuwa shule ya mabati. Lilikuwa banda la nyasi pale Ndama, na mwalimu alikuwa mzee wetu Aristides, kijana wakati ule, aliyeletwa kutoka Muleba. Waliojiunga waliitwa wasomaji, na watu waliwacheka kwamba wanakwenda kutazama karatasi wakati migomba inaota magugu. Marehemu alikuwa mwepesi wa kusoma lakini kuimba, jamani, Mungu hakumjalia. Mwalimu Aristides alimwomba wakati wa nyimbo achezeshe midomo tu. Naye aliichezesha midomo kwa bidii hivi kwamba wageni walidhani ndiye kiongozi wa waimbaji. Alibatizwa siku ya Pentekoste, tarehe 24 Mei 1931, akapewa jina la Gosbert.

Sasa tunafika kwenye kahawa.

Katika mafundisho ya ubatizo waliambiwa waache mambo ya giza. Kila mtu alitafuta giza lake. Mmoja alichoma hirizi, mwingine alibomoa kibanda cha mizimu cha babu yake. Marehemu hakuwa na hirizi wala kibanda. Alijitazama, akaona giza pekee alilonalo ni ile damu aliyoimeza. Hakuna aliyemwambia afanye alivyofanya. Wazo lilikuwa lake, na ari yake ilikuwa moto wa mabua.

Jumapili iliyofuata, tarehe 31 Mei, Ndyamukama alifika Ndama. Alikuwa amesikia kwamba ndugu yake amepata jina jipya, akatoka Isingiro kwa miguu kuja kumpongeza. Alimkuta nje ya kanisa katikati ya wasomaji wenzake. Mkononi alikuwa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu nzuri ikakaushwa. Kwetu mgeni na mwenyeji hawaanzi maneno kabla ya kahawa, na kuikataa ni kumwambia mtu kwamba amekuja kukuua. Ndyamukama alikinyoosha kikapu kwa mikono miwili.

"Munywani wangu, nasikia sasa unaitwa Gosbert. Twaa tutafune, unieleze jina hilo lina nini ndani yake."

Marehemu alikipokea kikapu, akakipindua, kahawa yote ikamwagika mavumbini. Akasema kwa sauti iliyosikika hadi njiani, "Mimi sina ndugu gizani. Damu yako niliyoimeza nimeitapika."

Wasomaji walipiga makofi, wengine wakaanzisha wimbo. Ndyamukama alichutama akaiokota kahawa yake punje kwa punje huku watu wanaimba juu ya kichwa chake, wala hakuharakisha. Alipomaliza alisimama. "Damu haitapikwi, munywani," alisema. "Ikishaingia, imeingia." Akashika njia akarudi Isingiro bila kula na bila kunywa hata maji, na ninyi mliotoka Isingiro jana mnajua ni mwendo gani. Marehemu alituambia, na alikuwa akilitamka polepole, kwamba siku ile alikwenda nyumbani amejaa furaha. Alidhani amekwisha kukua.

Mwaka 1933 alitumwa hapa Kanoni kuwa mwalimu msaidizi. Alipewa kipande cha ardhi, akapanda migomba na kahawa hii mnayoiona, na tarehe 13 Oktoba 1934, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mama yetu Eustadia. Mnajua desturi, bwana harusi huongozwa ukweni na munywani wake. Nafasi ile ilikuwa tupu, na shangazi wa mama hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Kijana mzima hana munywani?" aliuliza. "Nani aliyekuja naye?"

Marehemu akajibu kwa sauti ya mimbarani, "Munywani wangu ni Yesu."

"Huyo tunamjua, mwanangu," shangazi akasema. "Mimi naulizia anayebeba pombe."

Watu walicheka mpaka bibi harusi akacheka ndani ya shela. Mama anasema marehemu naye alijaribu kucheka, ila uso ulikataa.

Katika kazi alikuwa mkali. Wengi mliofundishwa naye miaka ile ya kwanza mnazo alama, na nawaona mnatabasamu sasa kwa kuwa hawezi kuwafikia. Aliyenuka lubisi, pombe yetu ya ndizi, alitolewa darasani. Aliyekwenda kwenye msiba wa mpagani aliulizwa alikula nini huko. Vita ilipokuja na wamisheni Wajerumani wakaondolewa, kazi yote iliwaangukia walimu wenyeji, na marehemu alihudumia vilima hivi peke yake, Jumapili mahali pawili, katikati ya juma mahali pengine. Watu walimheshimu sana. Mama anasema hata yeye alikuwa akimwogopa kidogo, na kwamba ndani ya nyumba hakukuwa na mtu wa kucheka naye.

Katika Kwaresima ya mwaka 1942 alikuwa na darasa la ubatizo, na ndani yake alikuwemo bibi mmoja mjane, Kokushubira, ambaye herufi zilimshinda kabisa ila masikio yalikuwa mazima. Siku hiyo somo lilikuwa Meza ya Bwana. Marehemu alieleza jinsi Bwana alivyotwaa kikombe akasema hii ni damu yangu, kunyweni nyote. Bibi Kokushubira akainua mkono.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, bibi."

"Nataka kuelewa. Ametoa damu yake, wale wakainywa, wakawa ndugu?"

"Ndiyo."

"Basi huo ni omukago."

Marehemu alisema kwamba, kwa namna fulani, waweza kusema hivyo. Bibi akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa, akafikiri, akauliza tena kwa upole, maana hakuwa na hila yoyote: "Na wewe, mwalimu, uliyeutapika ule wa Ndyamukama, huu wa Yesu utautapika lini?"

Marehemu alifunga kitabu akaruhusu watu waende. Nyumbani hakula. Mama alimuuliza kuna nini, akajibu, "Leo nimefundishwa," na machozi yakamtoka mbele ya watoto, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Tusidanganyane hapa kaburini. Alikuwa amebatizwa miaka mingi, amewaleta wengi kwenye maji, na ndiyo kwanza alianza kumfuata Bwana Yesu siku ile, akiwa na mvi za kwanza.

Jumatatu ya Pasaka mwaka huo alikwenda Isingiro. Mtu aliyemkana munywani wake haingii kwake mpaka mwenyewe atoke kumpokea, kwa hiyo alikaa chini mwanzoni mwa kibanja, pale njia inapoingia kwenye migomba, akasubiri. Baada ya muda mke wa Ndyamukama alitoka na maji ya kunywa kwenye kibuyu.

"Shikamoo, mwalimu. Mwenye nyumba anasema hayupo."

"Marahaba, mama. Mwambie nimeona kwamba hayupo. Nitarudi."

Akarudi mwaka uliofuata, na uliofuata, kila Pasaka. Akisha kuhubiri ufufuko hapa Kanoni, kesho yake alifunga mkate wake wa ndizi akashika njia. Jibu lilikuwa lile lile, na maji yale yale. Mara nyingine alinyeshewa pale pale alipokaa. Watoto wa Ndyamukama walikua wakimwona, wakamzoea, wakaanza kumsimulia mambo ya ng'ombe. Alichokitaka alikisema waziwazi kwa kila aliyemuuliza: alitaka amwombe ndugu yake msamaha uso kwa uso, na alitaka kulisikia jibu kabla hajafa.

Na kilichomuuma zaidi ni hiki. Kwenye kilima kile cha Isingiro hakuna aliyekubali kuwa msomaji. Walimu walipelekwa wakarudi. Watu waliwasikiliza vizuri, wakawapa ndizi, kisha wakasema, "Dini yenu ni nzuri, lakini ninyi hutapika ndugu zenu." Habari ya kahawa ilikuwa imefika huko siku nyingi kabla ya Injili, tena aliyeianzisha ni marehemu mwenyewe, kwa sauti ile iliyosikika hadi njiani.

Hata hivyo, mliomjua baadaye mnajua alivyogeuka. Hakuacha ukali kwa siku moja, maana mti uliopinda haunyooki kwa kutazamwa. Ila alianza kukaa na walevi wa kijiji, akatafuna kahawa ya kila mtu, akaenda kwenye misiba ya wapagani akachimba kaburi pamoja nao. Wapya walipobatizwa aliwaambia maneno ambayo nayaona kwenye midomo yenu: "Nendeni nyumbani mkawasalimu waliowazaa, wala msimwage cha mtu." Kijana mmoja alimuuliza amekuwa mwanafunzi wa Yesu kwa muda gani. Alijibu kwamba bado yuko darasa la chini, na mwalimu amekataa kumvusha.

Mwaka 1949 kanisa lilimchagua kwenda kusomea uchungaji. Alikataa. Wengine mlisema ni kiburi, wengine mlisema ni uvivu wa kusoma, na mama yetu, aliyekuwa amekwisha kujiona mke wa mchungaji, alikasirika kweli. Hataudhika tukisema, kwa sababu yeye mwenyewe ametukumbusha maneno.

"Unamkatalia Mungu kwa ajili ya mtu anayejificha ndani ya nyumba yake?" alimwambia. "Umekwenda, umeomba, hataki. Makosa sasa ni yake!"

"Eustadia mke wangu," marehemu akasema, "mchungaji ndiye anayewashikisha watu kikombe. Nitamshikishaje mtu kikombe cha agano, nami langu lilimwagwa kwa mkono huu?"

Mama alinuna juma zima. Halafu Pasaka ilipokaribia alimfungia mkate wa ndizi mwenyewe bila kuambiwa.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Novemba mwaka jana, 1956. Mficha maradhi kifo humuumbua, na marehemu alilificha tumbo lake chini ya kanzu mpaka kanzu ikakataa. Lilikuwa limejaa maji. Alipelekwa hospitali, maji yakatolewa, yakarudi. Yakatolewa tena, yakarudi. Mganga mkuu alituambia kwa huruma kwamba ini limekwisha na tumpeleke nyumbani. Lakini tumbo, jamani! Katika magonjwa yote duniani, tumbo! Kuanzia Ndama hadi Isingiro watu walinong'ona kwamba omukago umemfikia. Wengine mliokaa hapa mlinong'ona, nasi tuliwasikia. Baadhi ya ndugu walitaka apelekwe kwa waganga wa jadi. Alikataa kwa kichwa tu, maana pumzi ilikuwa haba.

Pasaka ya mwaka huu hakuweza kutembea, akalia kama mtoto. Ilipofika mwezi huu wa Julai alituita akasema tumfanyie machela tumpeleke Isingiro. Mzee wa kanisa Apolinary, jirani yetu na rafiki yake wa miaka mingi, alikuja kumzuia, na alikuja kwa upendo.

"Mwalimu, usiende sasa. Ulikwenda ukiwa mzima, vema. Ukienda na tumbo hili, watu watasema Mkristo amepigwa na omukago, amekwenda kupiga magoti. Utaliaibisha jina la Bwana."

Marehemu alivuta pumzi. "Jina la Bwana si yai, Apolinary," akasema. "Halivunjiki mimi nikiinama."

Jumatatu tarehe 15, tulipotoka hapa asubuhi, Apolinary ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika mti wa machela.

Tulilala njiani, tukafika Isingiro Jumanne alasiri. Tulimteremsha pale pale alipokuwa akikaa, mwanzoni mwa kibanja. Safari hii hakuna mwanamke aliyetoka na kibuyu. Alitoka Ndyamukama mwenyewe, mzee wa mvi tupu, na fimbo. Alisimama akalitazama tumbo.

"Tumbo limekuleta," alisema.

"Nimelileta mimi," marehemu akajibu. "Ningeweza ningeliacha nyumbani, ni zito." Wabebaji walicheka kidogo. "Nimekuja kwa jambo lile lile la miaka yote. Ulinijia kwa heri nikakudhalilisha mbele ya watu. Nililitaja jina la Mungu, na nililokuwa nikilitenda halikuwa lake. Nimekosa, munywani. Sikuombi uniponye. Nakuomba unisamehe."

Ndyamukama alichora chini kwa fimbo. "Miaka yote uliyokaa hapa, ulidhani niko wapi?"

"Waliniambia hupo."

"Nilikuwa nyuma ya mlango. Niliogopa nikitoka utanihubiria."

"Sikuja kuhubiri."

"Nimeona," alisema Ndyamukama. Tulingoja aseme neno tulilolifuata kwa siku mbili, na marehemu aliinua kichwa kulingoja. Hakulisema. Alisema, "Mwingizeni ndani. Amechoka." Akampa kitanda chake, akakaa kando yake jioni yote bila kufungua kinywa.

Jumatano asubuhi tulipotaka kuondoka tulimkuta amejifunga shuka kiunoni. Alimwondoa kijana mmoja wa mbele, upande wa kichwa cha marehemu, akashika mti. Binti yenu Evangelina alimwambia, "Baba, ni mbali, nawe ni mtu mzima." Alijibu, "Huyu ni rika langu. Kama yeye hakuzeeka akashindwa kuja, sijazeeka mimi nikashindwa kumrudisha." Siku ile yote alibeba kimya. Tulilala njiani tena.

Alhamisi asubuhi, tarehe 18 Julai 1957, tulipokuwa tumetembea kidogo, alianza kusema. Alisema akitazama mbele, kwa Kinyambo cha zamani, kama anayemsimulia mtu habari za gulioni. Alieleza jinsi alivyorudi kutoka Ndama siku ile na jinsi alivyomdanganya baba yake kwamba amepokewa vizuri, kwa sababu hakutaka munywani wake asemwe vibaya. Alieleza ng'ombe waliokufa na waliozaliwa. Alieleza kwamba alioa, na hakuwa na wa kumwongoza ukweni, akaenda peke yake. Alieleza kwamba mkewe, yule wa kibuyu cha maji, alikufa mwaka jana, na kabla ya kufa alimgombeza: "Mtokee yule mtu, atakufa pale njiani, nawe utajuta." Alieleza habari ya kijana wake wa mwisho, aliyetaka kuwa msomaji akamkatalia. "Nilimkatalia kwa ajili yako, munywani. Sasa nimwambie nini?"

Hakukuwa na jibu. Alingoja hatua chache, akaendelea na jambo lingine.

Evangelina alikuwa akitembea kando ya machela, mkono wake juu ya mkono wa baba uliokuwa ukipoa, naye alijua. Kaka yake Placidius, aliyebeba nyuma, alijua pia, maana alikuwa akiutazama uso. Placidius alifungua kinywa aseme. Mzee Apolinary, aliyebeba naye bega kwa bega, akamtikisia kichwa kumzuia. Basi tulitembea, na Ndyamukama akawa anasimulia, wala hakuna aliyemkatiza. Tulipokaribia kupanda kilima hiki cha kwetu ndipo aliposema, akiwa na jasho hadi machoni, "Nilikwisha kukusamehe zamani, Rwegoshora. Nilikuwa sijui jinsi ya kutoka."

Tuliitua machela hapa uani, mbele ya mama. Ndyamukama aligeuka kwa mara ya kwanza akamwona. Alimgusa shavu, akamfunika mkono uliokuwa nje. Kisha akamtazama Evangelina.

"Alisikia mpaka wapi?"

Hakuna kitu ambacho tungependa kuwa nacho kuliko jibu la swali lile. "Sijui, baba," Evangelina alisema.

Mzee alikaa chini kando ya machela, akauvuta mkono wa marehemu magotini pake, akaanza upya, tangu mwanzo.

Mwalimu Gosbert Rwegoshora ameacha mjane, Eustadia, na watoto wanne: Evangelina, Placidius, Celestina na Placida, pamoja na mjukuu mmoja. Wazee wa ukoo walituambia asubuhi kwamba katika orodha ya ndugu tuanze na wa tumbo moja. Tunaomba radhi, tunaanza kama alivyoagiza. Ameacha ndugu yake Ndyamukama wa Isingiro, ambaye ameketi pale mbele na sauti imemkauka. Ameacha na ndugu zake wa Ndama, na wote aliowafundisha.

Alikuwa mwanafunzi hadi pumzi ya mwisho. Bwana aliyemngoja miaka yote asimwambie kwamba hayupo. Ampokee kwa amani, apumzike.